Jinsi ya Kumwandikia Mwalimu Mpya Hongera Itakayomfika

Kabla hujashika kalamu, kaa ujiulize: huyu mtu nimemwona akipita wapi hata akafika hapa? Ukipata jibu moja la kweli, kazi iliyobaki ni ndogo. Usipolipata utaandika "Hongera sana, Mungu akubariki, kila la heri," na maneno hayo ameshatumiwa na nusu ya mtaa tangu asubuhi.

Nina duka dogo la kuchapisha na kutoa kopi hapa Majengo, kisiwani Mombasa. Walimu wanaotafuta kazi nawajua kwa karatasi zao. Huja na vyeti vimepangwa ndani ya faili la plastiki: cha KCSE, yaani mtihani wa kidato cha nne, cha chuo, kitambulisho, nambari ya usajili ya Tume ya Huduma za Walimu, yaani TSC. Nafasi zikitangazwa tunakaa pamoja mbele ya kompyuta tukijaza maombi, na mtandao ukikatika tunaanza upya. Barua ya ajira ikitoka, wengi huja kuichapisha kwangu, na nimewaona watu wazima wakiisoma hapo kwenye kaunta huku midomo inatetemeka. Siku zinazofuata huja watu wao: mama, shangazi, rafiki, mzee wa mlango wa pili. Wanataka kadi, au wanataka niwapangie maneno ya kutuma kwa simu. "Niandikie tu kitu kizuri," wananiambia. Siandiki mpaka wanijibu maswali, na mengi nitakayokueleza yametoka kwenye majibu yao.

Jua kwanza ameingiaje

Wengi hudhani mwalimu mpya ni mtu aliyemaliza masomo jana. Hapa kwetu mara nyingi sivyo. Mtu anamaliza Chuo cha Walimu cha Shanzu, au Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, anasajiliwa na TSC, kisha anangoja. Anangoja akifundisha tuisheni jioni, akimsaidia mjomba dukani, akiendesha bodaboda, au akifundisha shuleni kwa mkataba wa bodi na malipo ambayo nauli inayamaliza. Barua yake inapotoka, anachosherehekea ni ile miaka yote. Ujumbe usioigusa subira hiyo humpita juu juu, hata uwe na maua mangapi.

Wengine wameingia kama wanagenzi. Mwanagenzi anasimama mbele ya darasa zima, ana vipindi vyake, anasahihisha madaftari kama mwenzake, lakini hupewa posho tu. Mwaka 2024 wanagenzi wa sekondari msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9, waligoma na kuingia barabarani wakidai ajira ya kudumu, na mwanzoni mwa 2025 maelfu yao wakaipata. Basi ukimwandikia mwanagenzi, mpongeze pongezi kamili. Usimwambie "tutasherehekea vizuri ukipata ile ya kudumu." Wala usimwandikie kana kwamba shida zake zimekwisha, kwa sababu yeye ndiye anayezihesabu. Ielekeze hongera yako kwenye kazi yenyewe: "Jumatatu watoto wa Gredi ya 7 watakuwa na mwalimu wa hisabati, na mwalimu huyo ni wewe." Sentensi hiyo haina uongo ndani yake na haimpunguzii kitu.

Mwalimu wa chekechea ndiye ninayemwonea uchungu zaidi, maana watu humwandikia kwa mkono mmoja. Yeye huajiriwa na serikali ya kaunti, kwa kuwa katiba ya 2010 iliziachia kaunti elimu ya chekechea, na watu husema ameenda "kucheza na watoto." Mwandikie kwa uzito. Yeye ndiye atakayemshika mtoto kidole na kumwonyesha penseli inavyokamatwa. Yeye ndiye atakayekuwa mtu mzima wa kwanza, nje ya nyumba yao, ambaye mtoto huyo atamwamini. Liandike hilo.

Na kama ni ustadhi anayeanza madrasa, au mwalimu wa shule ya kibinafsi, mambo ni yale yale. Kazi ni ya ualimu, na mtu ni mpya.

Andika ulichokiona wewe

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu.

Alikuja baba mmoja, mfanyakazi wa bandarini Kilindini, mikono mikubwa, si mtu wa maneno. Mwanawe alikuwa amepata kazi ya kufundisha Kiswahili na dini. Mzee alikuja na maneno aliyokwishayatunga kichwani: "Ninakupongeza kwa ufanisi wako mkubwa wa kihistoria." Nikamuuliza, mzee wangu, ulimwona akisoma? Akanyamaza. Kisha akasema alikuwa akitoka zamu ya usiku, anafika nyumbani alfajiri, anamkuta kijana amelala juu ya daftari na taa inawaka. Nikamwambia basi tuandike hayo. Tukaandika hivi, naye akayanakili kwa mkono wake kwenye kadi:

"Mwanangu Mwalimu,
Miaka ile ya chuo nilikuwa nikitoka zamu ya usiku nafika nyumbani nakukuta umelala juu ya daftari na taa inawaka. Nilikuwa naizima taa, nakufunika shuka, kisha naenda kulala. Sikukwambia kitu kwa sababu sikujua niseme nini. Leo nakwambia: niliona yote. Hongera, mwanangu. Mwenyezi Mungu akujaalie wanafunzi watakaolipenda somo lako kama ulivyolipenda wewe.
Babako"

Hakuna neno kubwa humo, na hakuna mtu mwingine duniani angeweza kumwandikia kijana yule ujumbe ule. Kipimo ninachokitumia ni hicho. Ukimaliza kuandika, funika jina lako na jina lake, kisha uliza: ujumbe huu ungeweza kutumwa na mtu mwingine kwa mwalimu mwingine? Kama ungeweza, bado hujaandika. Rudi ulikumbuke jambo.

Watu huniambia hawana la kukumbuka. Si kweli, ila wanatafuta jambo kubwa. Waulize kuhusu vitu vidogo na utaona. Mama mmoja muuza mahamri alikazana kwamba binti yake alikuwa "mtoto mzuri tu," basi. Nikamuuliza alikuwa akicheza mchezo gani udogoni. Akacheka. Akasema binti alikuwa akiwakalisha watoto wa jirani kwenye ngazi za nyumba, kila mmoja kidato chake, mkubwa juu na mdogo chini, anawasomesha kwa kipande cha mkaa ukutani, na yeye mama ndiye aliyekuwa akisugua ukuta ule kila Ijumaa. Hilo ndilo likawa ujumbe mzima: "Nilikuwa nikiusugua ukuta na kukugombeza. Leo serikali imekupa ukuta wako mwenyewe. Andika, mwanangu."

Kama kumbukumbu haiji, jaribu njia hizi. Ulimwona akimfundisha nani kitu chochote: bibi kutuma pesa kwa simu, mdogo wake kufunga kamba za viatu, rafiki kupika? Alikuwa akivuka feri ya Likoni kila alfajiri kwenda kufanya mazoezi ya kufundisha, viatu vya ngozi mkononi na ndara miguuni? Aliwahi kukosa nafasi, na siku ya pili yake ukamwona anafanya nini? Ana tabia gani ambayo nyumbani mnaiona ni usumbufu, lakini darasani itakuwa neema? Swali la mwisho nalipenda sana. Mtu anayeuliza maswali mengi mpaka anachosha, yule anayerudia habari mara tatu ili aeleweke, yule asiyeweza kumwona mtoto analia akapita: hao wote ni walimu kabla ya kupata cheti. Mwambie kwamba uliliona hilo zamani.

Kisha lifungamanishe jambo hilo na darasa, kwa sentensi moja tu. Kama alimuuguza bibi yake kwa uvumilivu, andika kwamba yule mtoto atakayechelewa kuelewa amempata mtu wake. Usieleze sana. Sentensi moja ikitosha, ya pili huipunguza.

Na kama humjui kwa karibu, labda ni mpangaji mwenzako au mke wa rafiki yako? Usizue. Andika ujumbe mfupi wa kweli: "Sikukujua siku nyingi, lakini kila jioni nilikuwa nikikusikia ghorofani ukisoma kwa sauti. Nimefurahi kusikia umepata. Hongera sana, Mwalimu." Umetosha, tena umezidi.

Mwite mwalimu

Mstari wa kwanza uanze na cheo chake. Nyumbani bado ni "mdogo wetu," "kijana wa marehemu," "yule wa mwisho." Shuleni wanafunzi watamwita ticha au madam bila kufikiri. Lakini kuitwa mwalimu na mtu aliyemjua akitembea peku, hilo lina uzito wake. Usiache jina la udugu, yaweke pamoja: Mwalimu mwanangu. Mwalimu mpwa wangu. Dadangu Mwalimu.

Kama wewe ni mdogo kwake, anza na shikamoo kama kawaida, na shikamoo hiyo hiyo itakuwa tamu zaidi ikifuatwa na cheo. Kama nyinyi ni Waislamu, salamu iandikwe kamili, usiikate kuwa herufi tatu. Wazee wetu walikuwa wakiandika "Ama baada ya salamu…" kisha ndipo wanaingia kwenye habari, na mimi naipenda sana njia ile kwenye kadi ya namna hii. Humpa msomaji nafasi ya kukaa vizuri. Kama mwalimu ni Mkristo nawe ni Mwislamu, au kinyume chake, "Mwenyezi Mungu akuongoze" huwafaa wote wawili, na Mombasa tumeishi hivyo miaka yote.

Ukiwa wewe ulimfundisha yeye zamani, una neno ambalo hakuna mwingine analo. Mwite "Mwalimu mwenzangu." Mwalimu mmoja mstaafu alinijia kutaka kadi kwa ajili ya binti aliyekuwa mwanafunzi wake wa darasa la nne. Aliandika mwenyewe, mistari miwili: "Mwalimu mwenzangu, ulikuwa ukikaa dirishani na ukiniuliza mambo ambayo nililazimika kwenda kuyasoma usiku. Natumai utampata mtoto kama wewe." Binti alikuja baadaye kutaka kopi ya rangi, ili aibandike ndani ya kabati lake.

Mzazi wa wanafunzi anayemkaribisha mwalimu mpya shuleni, yeye aandike kwa adabu na kwa ufupi: jina la mtoto, darasa, karibu, na ahadi moja anayoweza kuitimiza, kwa mfano kwamba atalikagua daftari la mtoto kila Jumapili usiku. Asichanganye hongera na malalamiko ya mwalimu aliyetangulia. Asiombe mtoto wake akalishwe mbele.

Mambo ya kuyaacha nje

"Sasa usitusahau." "Mshahara wa kwanza tunakula wapi?" Najua tunasema kwa mapenzi. Lakini mshahara wa kwanza huweza kuchelewa, na mwenyewe ameshaugawa kichwani: kodi ya chumba, godoro, nauli, deni la mtu aliyemkopesha pesa za fomu. Maneno hayo humgusa mahali panapouma, kisha inambidi acheke. Yaache.

"Ualimu ni wito." Hili nalikataa waziwazi na nitaendelea kulikataa. Mwalimu akidai haki yake huambiwa kazi ni wito. Akilala njaa huambiwa ni wito. Kama unataka kusema anaipenda kazi yake, sema umeona nini kinachokuonyesha kwamba anaipenda. Neno wito mwachie alitumie mwenyewe, siku atakayoona linamfaa.

"Watoto wa siku hizi watakusumbua, jikaze." Siku ya furaha si siku ya kumtisha mtu. Wala si siku ya nasaha ndefu kuhusu nidhamu, mtaala wa umilisi na namna ya kuishi na mwalimu mkuu. Akikutaka ushauri atakuuliza. Na usimlinganishe na nduguye ambaye bado hajapata, kwa sababu nduguye atausoma ujumbe huo pia. Nimeona nyumba ikinuna wiki nzima kwa sentensi moja ya kadi: "angalau wewe umetutoa aibu."

Sifa kubwa mno nazo ziache: "mwanga wa taifa," "nguzo ya jamii," "shujaa wa elimu." Maneno hayo yanafaa jukwaani. Mtu akiyasoma peke yake chumbani huona aibu kidogo, hajui ayaweke wapi. Afadhali umwambie kwamba anaeleza mambo yakaeleweka.

Na ile picha ya waridi yenye maandishi yanayong'aa, iliyokwishapitia simu za watu mia: kama huna lingine, piga simu tu.

Anayepelekwa mbali

Wengi wa vijana wetu hawapangiwi Mombasa. Barua inaweza kumpeleka Kinango, Taveta, Garissa au Hola. Kwa mtu aliyezaliwa Mji wa Kale, akalelewa na sauti ya adhana na harufu ya bahari, hongera hiyo ina huzuni ndani yake, na ujumbe mzuri haujifanyi hauioni. Wala hauililii. Unaitaja mara moja, unapita.

Huu niliuandika na shangazi wa mwalimu aliyepangiwa Hola, na ninauweka hapa mzima kwa sababu aliniruhusu:

"Mwalimu mwanangu,
Basi likishapita Malindi na kufika Garsen najua utaanza kuwaza nyumba. Waza, lakini usishuke. Kule kuna watoto ambao mwaka jana hawakuwa na mtu wa kuwasomesha kemia, na mwaka huu wanakungoja wewe. Nimekutilia mkobani achari na visheti, na leso yangu ile ya zamani ya kujifunika garini. Likizo ya Aprili tutakuwa stendi. Hongera, mama. Umetupa heshima.
Shangazi yako"

Angalia alivyofanya. Ametaja njia ambayo kijana ataipita kweli. Ametaja somo lake. Amempa kitu cha kushika. Na ametaja siku ya kurudi. Kwa mtu anayekwenda mbali, hilo la mwisho usilisahau hata kidogo, kwa sababu mwanzo mpya huwa mwepesi mtu akijua lini ataonana na watu wake.

Ubeti mmoja

Sisi ni watu wa mashairi, na ubeti kwenye kadi hupendeza. Mmoja unatosha. Usiandike utenzi; mwalimu ana maandalio ya somo ya kuandika. Kama hujawahi kutunga, shika njia ya kawaida: mistari minne, kila mstari umegawika mara mbili, mizani nane huku na nane huku, kina kimoja katikati na kingine mwisho. Hesabu kwa vidole ukitamka polepole. Huu nimeutunga mwenyewe, na unaweza kuutumia:

Waingia darasani, chaki mkononi mwako,
Wana wamo dawatini, wangoja sauti yako,
Ulingoja barazani, imefika siku yako,
Hongera zetu pomoni, zifike moyoni mwako.

Kina cha kati ni *ni*, cha mwisho ni *ko*. Kina cha *ni* ni rahisi kwa anayeanza, kwa sababu mahali pote hukubali: darasani, shuleni, Shanzuni, Likoni. Lakini mstari wa tatu ubadilishe uwe wake. Kama hakungoja barazani, alingoja wapi? Dukani? Shambani? Weka hapo, kisha uhesabu mizani tena.

Karatasi, simu na wakati

Siku orodha inapotoka, piga simu. Simu yake itakuwa imejaa ujumbe na hataweza kusoma chochote kwa makini. Ujumbe wako wa maandishi uweke mpaka jioni ya kuamkia siku yake ya kwanza shuleni, baada ya isha, nguo zimeshapigwa pasi na mtu amekaa peke yake na woga wake. Saa hiyo ndiyo ya kusomwa. Kama umechelewa, tuma hata hivyo. Usingoje eti Siku ya Walimu Duniani, Oktoba 5. Siku hiyo atapewa hongera za walimu wote, na hii ni yake.

Mimi nauza kadi, lakini nakwambia kweli: kadi ya dukani si lazima. Kipande cha manila kilichokunjwa mara moja na kalamu ya wino mweusi vinatosha. Karatasi ina faida moja kubwa, kwamba walimu huihifadhi. Wanaponiletea yale mafaili yao kutoa kopi, ninakuta kadi za hongera zimechomekwa baina ya vyeti, na simu zilizokuwa na jumbe nyingine zilishaibwa au kufa zamani. Andika kwanza kwenye karatasi ya kawaida. Isome kwa sauti. Mahali pumzi inapokukatikia, sentensi ni ndefu, ikate. Mahali unapoona haya kusoma mbele ya mtu, angalia vizuri: ama ni neno la uongo, ama ndilo neno la kweli kuliko yote. La uongo lifute. Lile jingine liache.

Ukituma kwa simu, mtumie yeye mwenyewe, usitupe kwenye kundi la familia ambako jibu la kumi litakuwa habari ya harusi ya mtu mwingine.

Bibi au babu asiyeandika asiachwe nje. Mrekodi, au kaa karibu naye uandike anavyosema. Hapa nakusihi jambo moja: usimsahihishie. Akisema "mwanangu, nimefurahi hata sina la kunena," andika hivyo hivyo, na maneno yake ya Kimvita yabaki na sura yake. Mjukuu akisoma lazima aisikie sauti. Weka tarehe chini, na kama bibi anaweza, aweke alama ya kidole au achore jina lake kwa mkono wake, hata likipinda.

Ukitaka kufuatanisha ujumbe na kitu, leso ni nzuri kwa mwalimu wa kike, na Biashara Street zimejaa. Ila soma jina la leso kabla hujalipia. Rangi inaweza kukuvutia kumbe maneno ni fumbo la mke mwenza. Kwa mwalimu wa kiume, kalamu nzuri au shati jeupe. Halwa huwafaa wote.

Halafu kuna ujumbe wa pili, ambao karibu kila mtu huusahau. Wiki ya kwanza mwalimu mpya huzungukwa na pongezi. Wiki ya tatu hakuna anayemuuliza, na hapo ndipo sauti imemkauka, madaftari yamerundikana, na kuna mtoto mmoja asiyemwelewa kabisa. Jiwekee alama kwenye kalenda. Mwandikie Ijumaa, shule ikishafungwa, mistari michache tu: "Mwalimu, pole na kazi. Umeshayajua majina yao yote? Nani anayekuchekesha? Usinijibu leo kama umechoka, pumzika. Jumapili nitakupigia."

Jumapili umpigie kweli.